Hammett: tuanze na kipi, tutazame filamu ipi

Wadau, habari zenu. Zamu inayofuata ni ya Dashiell Hammett, mwandishi Mmarekani wa riwaya za upelelezi. Riwaya zake ni 5 tu, zote za kati ya 1929 na 1934, kwa hiyo tunaweza kummaliza. Anzeni na The Maltese Falcon (1930). Red Harvest ije ya pili. Maiti ni nyingi mno, anayeanza nayo hupoteza hesabu.

Sasa tahadhari. Falcon imefanywa filamu mara 3. Ya 1931 ina jina lilelile (kwingine huitwa Dangerous Female) na ndiyo inayochanganya watu. Ya 1936, Satan Met a Lady, imemgeuza yule ndege (sanamu inayosakwa kitabuni) kuwa pembe na mambo yote kuwa mzaha, irukeni. Tunayoitaka ni ya 1941, ya John Huston, Humphrey Bogart ndiye mpelelezi Sam Spade. Hakikisheni mwaka na mwongozaji kabla ya kupakua, bando lisiende bure.

Kitabu kwanza, filamu baadaye. Spade wa kitabuni ana nywele za rangi ya dhahabu. Ukitangulia filamu, sura ya Bogart haikutoki. Tena kisa cha Flitcraft, aliyekoswakoswa na boriti barabarani akaitoroka familia yake bila kuaga, hakimo kabisa kwenye filamu. Wekeni alama hapo, tutaanzia hapo Jumamosi.

Kuhusu The Thin Man (Mtu Mwembamba), riwaya yake nyingine: “mwembamba” wa kitabuni ni yule anayetafutwa, si mpelelezi. Ule mfululizo wa filamu 6 ndio uliombandika mpelelezi jina hilo.