Miaka 23 ya Glenda Jackson bungeni haikuwa mapumziko

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyochapa kuhusu marehemu Glenda Jackson, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki Juni 2023 akiwa na miaka 87. Mwandishi ameeleza vizuri tuzo zake mbili za Oscar, kisha akairuka miaka yote ya kati, 1992 hadi 2015, kwa sentensi moja tu: kwamba mama huyu alipumzika sanaa akajaribu siasa. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Tuanzie alikotoka, maana bila hapo siasa zake hazieleweki. Alizaliwa 1936 Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mama yake akifanya kazi za usafi. Aliacha shule na miaka 16, akauza katika duka la dawa la Boots mpaka alipopata ufadhili wa kusoma RADA, chuo cha uigizaji cha London. Umaarufu haukuja haraka. Kwa miaka kadhaa alihangaika na vikundi vya maigizo vya mikoani. Mwaka 1964 mwongozaji Peter Brook alimchukua katika kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company na kumpa uhusika wa Charlotte Corday katika tamthilia ya Marat/Sade, msichana anayemuua Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, ndani ya beseni la kuogea. Onyesho hilo lilifika hadi New York. Filamu zikafuata: Women in Love ya Ken Russell, kisha A Touch of Class ya 1973, kila moja na Oscar yake, na zote mbili hakwenda kuzipokea. Kwa ajili ya Elizabeth R, tamthilia ya BBC ya 1971, alikubali kunyolewa nywele za mbele ili afanane na Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Mtu wa namna hiyo haingii Bunge kutafuta kupigwa picha. Mwaka 1992, akiwa na miaka 55, aligombea kwa tiketi ya Labour jimbo la Hampstead na Highgate, kaskazini mwa London, akashinda. Akaacha kuigiza kabisa. Chama chake kilipotwaa serikali 1997 alifanywa naibu waziri wa uchukuzi, cheo alichokiacha 1999 ili kuwania kuteuliwa mgombea umeya wa London, akakosa. Baadaye alimpinga Tony Blair, kiongozi wa chama chake mwenyewe, waziwazi kuhusu vita vya Iraq. Na mwaka 2010, akiwa na miaka 73, alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 42. Kura 42! Uso wake ulijulikana nchi nzima, lakini kiti alikipigania kama mbunge mwingine yeyote.

Aprili 2013 alifariki Margaret Thatcher, waziri mkuu wa miaka ya 1980 kutoka chama cha Conservative, wapinzani wa Labour, na Bunge likakutana kumkumbuka. Wengi walisifu. Glenda alisimama akazungumzia shule zilizochakaa na watu waliolala kwenye milango ya maduka ya London katika miaka ya utawala huo. Wabunge wa upande wa pili walizomea, mmoja akaomba mwongozo, na Spika akaamua kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Najua kwetu marehemu hasemwi, na wapo watakaoona alivuka mpaka. Mimi naona alisemea waliolala nje, na hao ndio waliomfanya aache jukwaa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Makala inaita kurudi kwake jukwaani muujiza. Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alicheza Mfalme Lear, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, kwenye ukumbi wa Old Vic wa London, chini ya mwongozaji Deborah Warner: mwanamke mzee katika uhusika wa mfalme mzee. Yeye mwenyewe alieleza alikoupata uhusika huo. Alipokuwa mbunge alitembelea nyumba za kutunzia wazee, akagundua kwamba umri ukisonga, ile mipaka inayomtenga mwanamume na mwanamke huanza kufifia. Kwa hiyo Lear wake hakutoka mbinguni. Kwa sehemu alimpata jimboni, miongoni mwa wazee aliowatembelea kikazi. Ukiifuta miaka ya ubunge, unafuta alikochota.

Yaliyofuata yalikwenda kasi: tuzo ya Tony, ya maigizo ya jukwaani Marekani, mwaka 2018 kwa tamthilia ya Three Tall Women ya Edward Albee, Lear tena, safari hii katika kumbi za Broadway, New York, 2019, mwaka huohuo Elizabeth Is Missing ya BBC, akiwa bibi anayepoteza kumbukumbu huku akimtafuta rafiki yake. Filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, aliyocheza na Michael Caine, ilitoka miezi michache baada ya kifo chake.

Ninaomba makala hiyo ikibaki kwenye tovuti yenu, sentensi ile irekebishwe, na picha ya Lear iwekwe pamoja na zile za Oscar.

Msomaji wenu,
Tanga