Filamu ya dansi la Dar ianze na kanda

Mhariri,

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya historia ya dansi la Dar es Salaam, tangu bendi ya Dar es Salaam Jazz ya 1932 hadi ile ya NUTA Jazz ya 1964 na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, wasikimbilie kamera. Waanze na kanda za zamani zenye muziki wenyewe. Kanda ya sumaku ya robo inchi iliyokaa kwenye joto la pwani huvuta unyevu. Gundi inayoshika unga wa sumaku hulainika, na ukiipiga kanda hiyo inalia kama mlango mkavu huku ikiacha tope la kahawia kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma kanda. Hapo zima mara moja, maana kinachobanduka ndio muziki wenyewe. Kanda ikiwa nzima, safisha hedi kwa spiriti, hakikisha spidi (sentimita 19 au 38 kwa sekunde), kisha hifadhi sauti kama WAV ya biti 24, faili lisilobanwa. MP3 ni ya kurushiana WhatsApp tu.

Kwenye mahojiano zima pangaboi, na maiki ikae shubiri moja toka kinywani. Mpe mzee picha ya bendi aishike, ataje majina kuanzia kushoto huku mnarekodi. Ukimuuliza “enzi zile ilikuwaje?” utapewa hotuba. Muulize kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na nani alibeba spika.

Wasomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam