Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Nyumba ya mbao si jengo la muda

Mheshimiwa Waziri,

Ramani zangu za kituo cha mapumziko ya afya, vyumba 12 vya mbao ndani ya msitu, zimerudi kutoka ofisi ya vibali zikiwa na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Jengo la muda." Nikaelekezwa niweke nguzo za zege na kuta za matofali, ndipo faili lifunguliwe upya. Hakuna aliyeniuliza mbao ni za mti gani, zimekauka kiasi gani, wala paa linatoka nje ya ukuta kwa kiasi gani. Simlaumu aliyeyaandika. Yeye alifuata kitabu cha kanuni, na kitabu hicho kiko chini yako.

Tuanze na hilo neno "muda". Hekalu la Hōryū-ji kule Nara, Japani, lina majengo ya mbao yenye umri wa miaka 1,300 hivi. Kanisa la Borgund nchini Norwei lilijengwa karibu mwaka 1180, na mvua na theluji zote zimelikuta limesimama. Nchi hiyohiyo, mwaka 2019, ilikamilisha Mjøstårnet, jengo la ghorofa 18 lenye urefu wa mita 85.4 na mifupa ya mbao zilizogundishwa. (Sakafu za juu ni za zege, waliongeza uzito upepo usilitikise. Sisemi mbao zifanye kila kitu.) Mimi naomba nyumba za chini tu, zisizo na ghorofa hata moja.

Najua swali la kwanza litakuwa moto. Mwezi uliopita nilichukua kipande cha nguzo, sentimita 20 kila upande, nikakitia kwenye moto mkali kwa nusu saa. Kilipopoa nikakikata katikati kwa msumeno. Nje kulikuwa na ganda jeusi la mkaa lililopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, unene wake sentimita mbili hivi. Ndani, mbao safi za rangi ya asali, na harufu ya utomvu bado ipo. Ndivyo mbao nene zinavyoungua: mkaa wenyewe huwa ngao, na moto hula kuelekea ndani kwa takriban milimita 0.65 hadi 0.7 kwa dakika. Mhandisi anaweza kulipigia hesabu jambo hilo, akaongeza unene wa nguzo ili ibaki na nguvu hadi watu wote watoke. Chuma kisichokingwa, kikifika nyuzi 600 za joto, huwa kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mbao nyembamba ni habari nyingine. Hizo huwaka kama njiti, na kanuni izibane kadiri inavyotaka.

Adui wa kweli wa mbao ni maji yanayokaa. Yanayopita hayana neno. Mbao zikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu wa kuozesha hawapati nafasi, kwa hiyo kazi yote ya mchoraji ni kuziwezesha kukauka kila zinapolowa. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mbao ni pale zinapokutana na ardhi. Nguzo zangu hazigusi udongo: kila moja inakaa kwenye kiatu cha chuma, na chini ya kiatu kuna kofia ya bati iliyokunjwa kingo, ili mchwa akitaka kupanda alazimike kujenga njia yake hadharani, ambapo mtu ataiona na kuivunja. Paa linatoka mita 1.2 nje ya ukuta. Vichwa vya mbao, yaani pale zilipokatwa, hufyonza maji kama mrija, hivyo kila kichwa nimekificha au nimekikata mshazari maji yadondoke. Mambo haya yote yamo kwenye ramani, ukurasa wa nne. Ukurasa huo sidhani kama ulifunguliwa.

Halafu kuna msitu wenyewe. Zege linahitaji malori, malori yanahitaji barabara, na barabara inahitaji miti ing'olewe. Mbao nitazikata na kuzitoboa karakanani, watu sita wazibebe hadi mahali pake. Msingi ni nguzo za chuma zenye ncha ya parafujo, zinazozungushwa ardhini bila kuchimba shimo wala kukata mizizi.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa wa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala karibu na dirisha lenye miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama, Mheshimiwa, ukuta wa matofali. Utafiti ule ulikuwa wa dirisha, si wa mbao, nisiubebeshe mzigo usio wake. Ila unisamehe, nilicheka peke yangu niliposoma tena maelekezo ya kalamu nyekundu.

Mbao zina udhaifu wake, na mimi si mchuuzi. Sakafu ya mbao hupitisha kishindo cha miguu, na aliyekuja kupumzika hataki kuhesabu hatua za jirani. Imenibidi kila chumba nikipe maboriti yake. Gundi nyingine hutoa formaldehidi, gesi inayojulikana kusababisha saratani. Na mbao zilizoibwa msituni ni wizi, hata zikipigwa randa zikang'aa.

Kwa hiyo siombi kanuni ilegezwe. Futa neno "muda" kwenye kifungu cha mbao, na mahali pake weka masharti yanayopimika: dakika za kustahimili moto, kiwango cha unyevu siku ya kupokea mbao, kipimo cha formaldehidi chumbani, na hati ya msitu zilikotoka, iwe ya FSC au ya PEFC (mashirika ya kimataifa yanayothibitisha kuwa msitu unatunzwa vizuri), au ya mamlaka ya misitu. Baadhi ya mafundi watanichukia kwa hayo masharti.

Kile kipande cha nguzo ninacho bado, kimefungwa kwenye gazeti kwa sababu mkaa wake unachafua. Siku utakayonipa nafasi nitakuja nacho, pamoja na ukurasa wa nne.

Wako katika ujenzi,
Seremala na mchoraji wa majengo