Barua kwa mwanangu: andaa maswali kabla ya kuamilisha programu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba sasa mnatatua milinganyo yenye herufi tatu zisizojulikana na kwamba mmeanza kuonjeshwa matriki, yaani majedwali ya namba. Umeniomba ruhusa ya kusakinisha toleo la majaribio la MATLAB, programu ya hisabati, katika kompyuta ya nyumbani wakati mimi nipo mbali kikazi. Ruhusa nimekupa, lakini kwa sharti moja: usiiamilishe programu hiyo kabla hujayaandika maswali utakayoiuliza.

Sharti hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikijiendeleza kimasomo, nilichukua toleo la majaribio la programu ya namna hiyo kwa pupa, nikalisakinisha usiku uleule, nikachezea grafu za rangi kwa siku mbili, kisha kazi zikanibana. Niliporudi nikiwa na hesabu za kweli za kufanya, niliukuta ujumbe mfupi ukiniarifu kwamba muda wangu ulikuwa umekwisha. Toleo la majaribio huwa ni programu kamili, ila lina siku ya mwisho. MATLAB, kwa mfano, hutolewa kwa siku 30, na nyingine hutoa siku chache zaidi. Siku hizo huanza kuhesabiwa pale unapoomba leseni au unapoiamilisha, na huendelea kuhesabiwa hata ukiwa umelala, ukiwa katika mitihani au ukiwa hujaigusa kompyuta kabisa.

Kwa hiyo anza na yale yasiyokula siku. Tazama kama mfumo endeshi wetu ni wa biti 64, kisha soma katika tovuti ya watengenezaji ni matoleo gani ya mfumo huo wanayoyakubali na programu inahitaji nafasi kiasi gani katika diski. Usishangae kuona gigabaiti kadhaa, kwa maana programu hizi ni nzito. Ondoa kwanza ile michezo ambayo wewe na mdogo wako mmeiacha humo. Pakua kutoka katika tovuti ya watengenezaji wenyewe tu, wala usifuate tangazo linalotangulia katika matokeo ya utafutaji. Ikiwa wamechapisha alama ya uhakiki ya SHA-256, yaani ule mfuatano wa tarakimu na herufi 64, ilinganishe na alama ya faili uliyoipakua, kwa sababu faili iliyokatika njiani wakati wa kupakua inaweza kukubali kufunguka na kisha kugoma katikati ya usakinishaji. Fungua akaunti kwa barua pepe ya familia. Ukiombwa namba ya kadi ya benki, simama hapo hapo uniandikie, kwani baadhi ya majaribio hugeuka kuwa malipo yenyewe muda unapokwisha.

Wakati wa kusakinisha utaombwa nenosiri la msimamizi wa kompyuta, nalo analo mama yako. Kisha utaonyeshwa orodha ndefu ya visanduku vya zana, yaani nyongeza zinazoipa programu uwezo wa kazi maalumu. Usiweke alama katika vyote. Kwa kazi yako unahitaji MATLAB yenyewe pamoja na Symbolic Math Toolbox, na nitakueleza sababu.

Programu za hisabati zina namna mbili za kuhesabu, na mwanafunzi asiyezitofautisha huandika majibu ya ajabu. Ukiiuliza Mathematica, programu nyingine ya hisabati, kipeuo cha pili cha 8, itakujibu 2√2, jibu timilifu lisilopotewa na chochote; hiyo ndiyo njia ya alama. Ukiiuliza MATLAB swali hilohilo bila kile kisanduku, itakupa 2.8284, kwa sababu inahesabu kwa desimali zenye takriban tarakimu 16 za maana na kukuonyesha chache tu kati ya hizo. Hakuna iliyokosea. Lakini chukua matriki ya mistari mitatu yenye namba 1 hadi 9 kwa mpangilio, tafuta kwa mkono ditaminanti yake, ile namba moja ambayo ikiwa sifuri milinganyo ya matriki hiyo haina jibu moja la pekee, utaona kwamba hasi 3 ukijumlisha 12 na kutoa 9 unabaki na sifuri. Kisha iulize MATLAB kwa njia ya desimali. Itakupa namba ndogo mno, lakini si sifuri. Anayeiamini skrini atasema milinganyo yenye matriki hiyo ina jibu moja la pekee, na atakuwa amekosea. Hili ndilo swali la kwanza ninalotaka uliandike katika daftari lako, na la pili liwe hilohilo ukilirudia kwa njia ya alama, ambayo ndiyo kazi ya kile kisanduku cha zana.

Maswali mengine utayatoa katika mazoezi yenu, hasa yale uliyokwama, kila moja likiwa na jibu lako la mkono pembeni. Nadhani 20 yanatosha.

Huenda utaniuliza utayajaribu wapi maswali hayo kabla ya kuamilisha. Sakinisha kwanza GNU Octave, programu huria isiyo na siku ya mwisho, ambayo lugha yake inafanana sana na ya MATLAB. John W. Eaton alianza kuiunda mwaka 1992, na jina la programu hiyo halihusiani na muziki kama nilivyodhani kwa muda mrefu, bali ni la Octave Levenspiel, aliyekuwa profesa wake wa uhandisi wa kemia. Humo utazoea kuandika amri, utakosea mabano, utasahau alama ya kuzidisha, na makosa hayo yote hayatakugharimu hata siku moja ya majaribio. Kwa grafu na jometri tayari una GeoGebra, nayo inatosha.

Faili za MATLAB zenye kiambishi cha .m ni maandishi ya kawaida, hivyo utaweza kuzisoma katika kihariri chochote na nyingi zitakubali kufanya kazi katika Octave, isipokuwa zile zinazotegemea visanduku vya zana. Hata hivyo, kila jioni toa nakala ya majibu yako kwa PDF na kuihifadhi nje ya kompyuta. Na muda ukiisha, uishe. Usirudishe nyuma saa ya kompyuta, wala usikubali ile leseni iliyovunjwa ambayo rafiki yako amekuahidi, kwa kuwa mafaili ya namna hiyo ni njia inayopendwa sana na wasambazaji wa virusi, na kompyuta hiyo ndiyo inayobeba kazi za mama yako.

Octave unaweza kuisakinisha hata leo. Yale maswali 20 yapige picha uniletee, nami nitayapitia jioni ileile. Nikikujibu, ndipo ubonyeze kitufe cha kuamilisha, na tarehe hiyo uiandike katika karatasi uibandike juu ya meza.

Mimi baba yako.