Kwa wanangu wenye mabanda ya video: yule mama mliyemzomea

Wanangu wa Ilomba, Mwanjelwa, Soweto na Uyole,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka kwenye banda mojawapo la kwenu. Mnaliita kibanda umiza, na jina hilo nililielewa baada ya kukaa dakika 10 juu ya ubao usio na egemeo. Ni banda gani, sitasema. Picha ilikuwa nzuri, sauti kubwa kupita kiasi, na tulikuwa wanaume tu, kama 50 hivi. Katikati ya picha akaja mama mmoja, kanga begani, akasimama mlangoni akiita jina la mtoto wake. Mwanga wa nje ukapiga kwenye skrini. Mkamzomea. Mmoja wenu akamwambia, "Mama, funga mlango, hapa si pa kwenu." Akaondoka, mtoto hakumpata.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nimefanya kazi sinema, na ninayajua maneno hayo yanakopeleka banda.

Nilianza mwaka 1969, kijana wa miaka 15, kubeba mabati ya filamu kwenye sinema ya mjini, kule Uhindini. Kutoka nyumbani Mwanjelwa nilikuwa napita Mafiati nikipandisha kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visiishe soli. Huku Bara hatukuwa na televisheni. Hiyo ilikuja 1994, wakati Wazambia, hapo tu ng'ambo ya Tunduma, walikuwa nayo tangu 1961. Kwa hiyo aliyetaka kuona watu wakitembea ukutani alikuja kwetu.

Picha zilitoka Dar es Salaam, zikaonyeshwa Iringa, ndipo zikatufikia sisi zikiwa zimeshachoka, zina michirizi kama mvua ya Tukuyu. Masika lori likikwama kwenye tope, tulirudia picha ya wiki iliyopita, na watu walikuja vilevile. Wengine walikuja wakijua kila neno la wimbo ingawa Kihindi hawakukijua hata cha kuombea maji.

Niwaelezee kidogo ile kazi, maana ninyi mnabonyeza tu. Picha ya Kihindi ya saa 3 ilikuja kwenye mabati 9, na kila gurudumu la filamu lilikwenda kama dakika 20. Projekta zilikuwa mbili. Gurudumu likikaribia kwisha, kidoa kinatokea juu kulia kwenye pazia: cha kwanza unawasha mota ya projekta ya pili, cha pili unahamisha picha. Ukiwa fundi, mtazamaji hajui kilichotokea. Taa haikuwa balbu. Vilikuwa vijiti viwili vya kaboni vikiunguzana kwa umeme, mwanga wake huwezi kuutazama kwa macho makavu. Filamu ikikwama hata kidogo mbele ya moto ule, inatoboka. Huko chini wanaona doa la kahawia linakua usoni mwa stelingi mpaka anatoweka, na hapo miluzi inaanza, na matusi ya mama yangu ambaye hakuwa amefanya lolote.

Siku moja, na jambo hili sijawahi kulikiri, niliweka bati la saba kabla ya la sita. Stelingi akafa, akachomwa kwa mila zao, watu wakalia. Baada ya dakika 20 huyo hapo anaimba bustanini na mchumba wake. Nikajua leo nafukuzwa kazi. Nikachungulia kwenye kitundu cha chumba cha projekta, nikaona ukumbi mzima unabishana. Mama mmoja muuza vitumbua wa Sokomatola akasimama, mtoto mgongoni, akawatuliza: "Tulieni. Huyu ni pacha wake, walipotezana utotoni." Wakakubali, wakaendelea kutazama. Kwa picha zile, pacha hakuhitaji ushahidi. Bosi wangu hakujua mpaka anaingia kaburini.

Mama yule wa vitumbua alikuwa mtu wa Jumapili saa 9 alasiri. Hilo ndilo lilikuwa onyesho la familia. Akina mama wa Kihindi walipanda juu balkoni na sambusa zao kwenye vyombo vya bati. Wetu walikaa chini, wamejifunga vitenge viwili viwili kwa ajili ya ile baridi ya Juni, karanga kwenye pindo la kanga. Mmoja akielewa jambo anamnong'oneza jirani, jirani anampasia mwenzake, mpaka habari ikifika mstari wa mbele imekuwa picha nyingine kabisa. Vijana walikuwepo pia, lakini kwa adabu. Nani atatukana na shangazi yake amekaa viti viwili nyuma?

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika. Kwanza ile sheria ya 1971: majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali, familia nyingi za Uhindini zikahama, balkoni ikapungua watu. Halafu akaja Bruce Lee. Wakati sisi tunamshangilia, mwenyewe alikuwa ameshafia Hong Kong tangu Julai 1973, na aliyetuletea habari hiyo tulitaka kumpiga. Picha za ngumi zikajaza vijana. Bosi akatazama sanduku la fedha, akaona ngumi inalipa, akaamua hata Jumapili alasiri tuonyeshe ngumi. Wakaanza kuvuta bangi kwenye mistari ya nyuma. Mlango wa choo cha wanawake ukang'oka bawaba, ukaegeshwa ukutani, na ukakaa hivyo hivyo. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa ngumu, vijiti vya kaboni tukawa tunavichoma mpaka vinafika kwenye kibanio. Lakini mlango ule ulihitaji misumari minne tu, na misumari ilikuwepo.

Akina mama wakaacha kuja. Hakuna aliyelalamika. Mama hagomi wala haandiki barua. Anaacha tu, na akiacha anaondoka na watoto wanne, mdogo wake na jirani. Deki za video zilipoingia mitaani miaka ya 80, kila mtu akasema video imeua sinema. Mimi nilikuwa mle ndani. Video ilimkuta mgonjwa kitandani, hajageuzwa siku tatu. Ukumbi ukageuzwa ghala, nami nikarudi kulima.

Ninyi leo mnailalamikia simu kama bosi wangu alivyoilalamikia deki. Mnasema siku za mpira mnajaza, Jumanne mnakaa wenyewe na jenereta. Basi mimi naomba hivi: Jumapili alasiri, siku isiyo na mechi kubwa, wapeni akina mama. Onyesheni zile za kwetu za Kiswahili, au za Kihindi zilizotafsiriwa. Na huyo mtafsiri anayesimulia picha kwa Kiswahili, ninamsifu, kipaji anacho, amefanya peke yake kazi iliyokuwa ya mstari mzima wa wanong'onaji. Lakini apunguze matusi. Niliketi naye saa moja na nusu, nikahesabu matusi mpaka vidole vikaniishia.

Mlangoni wekeni pazia zito, la pili liwe hatua mbili ndani. Mtu akiingia, mwanga unabaki katikati ya mapazia. Sisi tulifanya hivyo, na hakuna aliyezomewa kwa kuingia. Choo kiwe na komeo la ndani.

Na jambo hili siliombi, nalidai: fungueni mlango wa pili. Kuta zenu ni mbao na maturubai, waya wa umeme umening'inia kama kamba ya nguo, na mlango mnaufunga kwa ndani ili watu wasiingie bure. Ukitokea moto, hao 50 watapita wapi? Leseni ya kuonyesha picha ipo kwa sheria tangu 1976, na wakaguzi wakija msiseme mmeonewa. Watoto wenye sare za shule saa 4 asubuhi, hapo hata mimi nitakwenda kuwasemea kwa mwenyekiti wa mtaa.

Yule mama nimemtafuta. Mtoto alikuwa kweli mle ndani, mstari wa pili, amejificha chini ya ubao mlipokuwa mnamzomea mama yake. Nimemwomba radhi kwa niaba yenu, lakini hiyo ya kwangu haitoshi. Anauza ndizi za kuchoma karibu na kituo cha daladala, mnamjua vizuri, mnakula kwake.

Jumapili ijayo nitakuja tena, na nitakuja na bibi yenu. Mara ya mwisho kuingia kwenye ukumbi wa picha alikuwa na mimba ya mwanangu wa pili. Macho yake sasa ni hafifu, itabidi akae mbele. Mtafutieni kiti chenye egemeo.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mzee wenu,
Mwanjelwa, Mbeya