Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Manda na Ramani za Zamani

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinalegalega na wadaiwa wanajijua. Maktaba bado iko kwenye chumba cha kuazima hapa Mbeya, na masika hayakuigusa.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kuitafuta Manda kwenye ramani za zamani, bandari ya Ludewa iliyo kwenye ziwa Nyasa, penye mlango wa mto Ruhuhu. Tulianzia mbali. Ramani ya Mfaransa d'Anville ya 1749 ina ziwa refu jembamba liitwalo Maravi, yaani Nyasa. Ile ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyotoka 1856, imeunganisha Nyasa, Tanganyika na Victoria kuwa ziwa moja lililojikunja kama konokono asiye na nyumba. Wengi mlicheka. Lakini wale walichora walichosimuliwa pwani na watu wa misafara, na kwamba huku bara kuna maji makubwa, wasimulizi walisema kweli. Livingstone mwenyewe alifika Nyasa 1859.

Kwenye ramani za Kijerumani Manda ni Wiedhafen, na Liuli ni Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Waliotafuta Langenburg wakaiona mara ufukoni chini ya milima ya Livingstone, mara Tukuyu, hawakukosea: makao ya serikali yalihamishiwa mlimani, jina likahama nayo, likaongezwa "Neu" (mpya) mbele.

Wiedhafen ilipangiwa makubwa. Reli ya kusini ilikusudiwa kutoka Kilwa hadi ziwani hapo. Njia ikapimwa, reli haikujengwa. Kwa maoni yangu, ramani za mipango zinatuonyesha Manda ya Berlin kuliko Manda ya Wamanda. Kilichokuwepo kweli ni meli ya Wajerumani. Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kwa Zambezi na Shire, mizigo ikabebwa na wapagazi pale maporomoko yalipozuia, ikaelea 1893. Agosti 1914 Waingereza wa meli Gwendolen waliikuta huko Liuli ikiwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo, wakailemaza. Nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza!

Imependekezwa tununue ramani halisi kwenye minada ya Ulaya. Kamati haikubali, nami siungi mkono. Nakala za kidijitali zinatosha kusomea. Fedha kidogo tuliyonayo iende kurekodi wazee wa Manda: majina ya vitongoji, mahali mitumbwi ilipofunga, njia ya miguu ya kwenda Songea, na Ruhuhu inavyohamisha mchanga wake. Hayo hayamo kwenye ramani yoyote tuliyoiona.

Safari ya Manda tutashukia Itungi na kupanda meli. Isipangwe Juni wala Julai, upepo wa mwera ukivuma ziwani. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu leo, kabla ya chakula.