Kabla ya kuchapisha, nilimsomea mama

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyewahimiza vijana wa Pwani waandike habari za maisha yao. Namuunga mkono. Ila lipo jambo ambalo hakuligusa, nami nimelijua kwa kulipitia: kitabu cha maisha yako kimejaa watu ambao hawakukutuma uwaandike.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Miaka 12 nilikuwa mtumiaji wa unga, yaani heroini. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ilipofunguliwa hapa mjini mwaka 2015, nilichelewa kuamini. Nikajiunga mwaka uliofuata. Kila siku unapanga foleni, unakunywa dawa mbele ya muuguzi, unakwenda zako. Kwenye foleni hiyo ndipo nilipoanza kuandika, katika daftari la kurasa 96, ili mikono iwe na kazi.

Mchapishaji mmoja aliusoma mswada. Akasema niuandike kwa Kiingereza na niongeze vituko vya maskani, pale tulipokuwa tukikutania kuvuta unga. Nilikataa. Mama yangu hajui Kiingereza. Hata Kiswahili cha herufi za Kirumi hakisomi. Alisomeshwa chuo cha Kurani, anajua za Kiarabu tu. Vipi nimweke ndani ya kitabu ambacho hata akisomewa hatakielewa?

Basi nikamsomea mwenyewe, baada ya Isha, siku tisa, yeye yuko mkekani na ungo wake akichambua mchele. Nilipofika kwenye bangili, sauti ilinikauka. Nilikuwa nimeandika kwamba nilimwibia bangili mbili za dhahabu, alizonunua kwa pesa za mchezo, ule wa kina mama kuchangiana na kupokea kwa zamu, na za viazi vya karai alivyokaanga miaka na miaka, nikazipeleka kwa sonara, nikapata unga wa siku nne. Mama hakuinua macho. Akasema, "Zilikuwa tatu, mwanangu. Ile ya tatu niliwaambia watu imenipotea arusini."

Mhariri, ya tatu sikuikumbuka kabisa. Yeye miaka yote hiyo alikuwa nayo moyoni, pamoja na uongo alioutunga ili jina langu lisitajwe mtaani. Nikamuuliza kama niitoe sura nzima. Hakunijibu usiku ule. Asubuhi, akinimiminia chai, akasema, "Iwache. Lakini andika tatu."

Dada yangu yeye alikataa. Sura iliyogusa ndoa yake ilikuwa na kurasa 14, na nilikuwa nimeipenda kuliko zote. Niliitoa. Iliniuma, lakini maisha yale ni yake.

Mengine yalikwenda. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nilipata kwa Maktaba ya Taifa, nakala 200 nikazichapa Mombasa kwa akiba ya tuktuk, nami nauza mwenyewe kwa shilingi 500. Pesa hutafutwa. Kilichokuwa kizito ni zile siku tisa, na kijana anayetaka kuandika namwomba asizikwepe: awasomee watu wake kwanza, kwa lugha wanayoisikia, na awe tayari kusahihishwa.

Wapo wanaosema nimemvunjia mama heshima. Nawaelewa, kwetu siri ya nyumba ni sitara. Lakini tangu kitabu kitoke, kina mama watatu wa mtaa wetu wamekuja nyumbani, mmoja mmoja, tena jioni wakati njia haina watu, kuomba wasomewe sura ile ya bangili. Hawakuja kwangu, walikuja kwa mama. Wakishasomewa, huanza kusema yao: televisheni iliyouzwa, mtoto aliyefungiwa chumbani ili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imwishe, mume aliyehama.

Hayo sijayaona gazetini. Yetu sisi watumiaji yameandikwa. Ya mama zetu bado. Ombi langu ni mtenge nafasi, hata nusu ukurasa kwa wiki, kina mama hao waseme bila majina yao kutajwa. Wakikubali, niko tayari kukaa nao na kuwaandikia, na kuwasomea kabla sijawaletea.

Wako,
Mwandishi wa kujitegemea,
Maweni, Malindi